Taarifa, swali, amri au mshangao? Jibu kwa baba wa Nkuhungu kuhusu sentensi za Kiingereza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina binti yuko darasa la sita. Amerudi na zoezi la Kiingereza ambalo hakupata vema hata moja. Walipewa sentensi tano zisizo na alama ya mwisho, waseme kila moja ni ya aina gani na waweke alama yake. Ya kwanza, "The teacher asked me where I lived", aliiita swali akaweka alama ya kuuliza. Ya pili, "How sweet these grapes are", nayo akaiita swali. Ya tatu, "Could you lend me your ruler", aliiita amri akaweka nukta. Ya nne, "Close the window", akasema ni amri, akaweka nukta. Mwalimu amesahihisha kwa alama ya mshangao. Ya tano, "You have eaten, haven't you", akasema ni taarifa, akaweka nukta. Ananiambia alizitafsiri kwanza kwa Kiswahili ndipo akaamua. Kiingereza changu mimi ni cha kuungaunga. Kuna kanuni ya kushika au ni kukariri tu? Na je, mwalimu yuko sahihi kwenye zote tano?

Jibu: Marahaba, baba. Kanuni ipo, haihitaji kukariri sana, na iliyomponza binti yako ni hiyo hiyo tafsiri. Aina ya sentensi ya Kiingereza hujulikana kwa mpangilio wa maneno: kiima kimekaa wapi, kitenzi kimekaa wapi. Ukiitafsiri, mpangilio unapotea, unabaki na maana mkononi. Maana peke yake hudanganya, kwa sababu ombi huweza kuvaa umbo la swali, na swali huweza kujificha ndani ya taarifa. Binti alifuta ushahidi kabla hajaanza kuamua.

Kiswahili chetu hakitegemei mpangilio huo. Andika "Umekula." kisha andika "Umekula?" Herufi ni zile zile, ukiongea tofauti inaletwa na sauti, ukiandika inaletwa na alama. Ukitaka kumtahadharisha msomaji mapema unatanguliza "je". Wahispania nao wana ujanja wao: wanaipindua alama ya kuuliza na kuiweka mwanzoni pia, kanuni iliyopitishwa na Akademia ya Kifalme ya Hispania mwaka 1754. Kiingereza hakina "je" wala alama ya mwanzoni. Tahadhari yake ni kubadilishana nafasi: kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima. "The shop is open" ni taarifa. "Is the shop open" ni swali tayari, hata kabla hujaweka alama yoyote. Mtoto aliyeshika jambo hili anaweza kufunika mwisho wa sentensi kwa kidole na bado akakwambia itamalizikia na nini.

Kwa hiyo macho yaende mwanzoni. Kiima kikitangulia na kitenzi kikafuata, hiyo ni taarifa. Vitabu vyake vitaiita declarative, na huishia kwa nukta. Kitenzi kisaidizi kikitangulia kiima, ni swali, yaani interrogative, lenye alama ya kuuliza. Kitenzi kitupu kikianza bila kiima chochote, ni imperative, sentensi ya amri. Na "what" au "how" ikianza, halafu kiima na kitenzi vikabaki katika nafasi zao za kawaida, ni exclamatory, ya mshangao. Visaidizi vyenyewe havizidi vidole vya mikono na miguu: am, is, are, was, were, do, does, did, have, has, had, can, could, will, would, shall, should, may, might, must. Hivyo ndivyo vya kuvitafuta. Alama ya mwisho ni kama mhuri wa ofisi: unapigwa barua ikishaandikwa, na haugeuzi ombi la likizo kuwa barua ya kujiuzulu.

Sasa tushike sentensi zake. Ya kwanza nitakaa nayo, kwa sababu inawaangusha hata watu wazima wanaoandika barua za ofisini.

"The teacher asked me where I lived." Ndani yake mna neno la kuulizia, "where", na mna kitenzi cha kuuliza, "asked". Mtoto akitafsiri anapata "Mwalimu aliniuliza ninaishi wapi", anaona kila dalili ya swali. Lakini mwandishi wa sentensi haulizi mtu chochote. Anatoa habari kwamba kuna mtu aliwahi kuuliza. Na umbo linathibitisha: kiima "the teacher" kimetangulia, kitenzi "asked" kimefuata. Tazama pia kilichotokea ndani. Mwalimu aliposema kwa mdomo wake alisema "Where do you live?" Swali hilo lilipoingizwa ndani ya taarifa, "do" ikatoweka na kiima kikarudi mbele ya kitenzi: "where I lived". Kiingereza kimeuvunja mpangilio wa swali kwa makusudi, kuonyesha kwamba swali halipo tena. Ndiyo maana anayeandika "He asked me where did I live?" anakuwa amekosea mara mbili, mpangilio na alama, na makosa hayo mawili hutembea pamoja.

Jamaa wa sentensi hii ni wengi. "I wonder whether the train has arrived." "I don't know who took the bucket." "She wants to know how much the maize costs." Zote ni taarifa, zote nukta. Hata "Tell me where you live" haina alama ya kuuliza. Hiyo ni amri, maana imeanza na kitenzi kitupu "tell". Linaloamua ni kishazi kikuu, yaani kile kipande cha sentensi kinachoweza kusimama peke yake. Yaliyomo ndani ya vipande vidogo hayabadilishi alama.

Hapo hapo kuna mtego ambao haukuwa kwenye zoezi lake lakini utakuja tu. Watoto wengi huambiwa kwamba sentensi ikianza na what, where, when, who, why au how basi ni swali. Mwambie ni nusu ya habari. "When the rains begin, farmers in Kongwa plant sorghum" inaanza na "when", na ni taarifa. Baada ya "when" kimekuja kiima "the rains", wala hakuna kisaidizi kilichoruka mbele. Linganisha na "When do farmers in Kongwa plant sorghum?" ambapo "do" imekaa mbele ya "farmers". Kadhalika "What he said is true" na "Where there is water, there is grass" ni taarifa safi. Neno la kuulizia lisindikizwe na kisaidizi ndipo liwe swali.

Kuna swali moja tu la kawaida linalokwepa kanuni hiyo: pale "who", "what" au "which" yenyewe ndiyo kiima. "Who broke the pot?" Hapa hakuna "did", kwa sababu anayetafutwa ndiye mtenda, na hakuna wa kubadilishana naye nafasi. Hilo alikariri, liko peke yake.

Sentensi ya pili, ya zabibu, nimeipenda. Anayeishi Dodoma hana haja ya kufikiria embe la kitabuni. "How sweet these grapes are" imeanza na "how", lakini tazama mwisho: "these grapes are", kiima kisha kitenzi. Hakuna kilichoruka. Kwa hiyo ni mshangao: "How sweet these grapes are!" Ingekuwa swali ingesema "How sweet are these grapes?" Maneno ni yale yale matano; ni "are" tu iliyoruka mbele ya "these grapes", na kazi imebadilika kabisa. Wa kwanza amekwisha onja na anasifia. Wa pili yuko nje ya kibanda, hajalipa. Mpe na hii, mwezi Julai akiwa amejifunika blanketi: "How cold it gets in Dodoma!" na "How cold does it get in Dodoma?" Akiiona "does" imesimama mbele ya "it", hatakosea tena.

Upande wa "what" mambo ni hayo hayo, ila baada yake huja nomino: "What a long queue it was!" Mara nyingi Waingereza humeza kiima na kitenzi, wakabaki na "What a goal!" Bado ni mshangao.

Hapa kuna ubishi ambao ni haki uujue, usije ukashindana na kitabu. Sentensi kama "We won!" ina umbo la taarifa, kiima kisha kitenzi, ila imebeba furaha. Vitabu vingi vya shule huiita ya mshangao kwa sababu ya alama yake. Wengine hukataa na kusema ni taarifa iliyopigiwa kelele. Huko Uingereza, mwaka 2016 serikali ilifafanua kwamba katika mitihani ya watoto wa shule za msingi sentensi itahesabiwa kuwa ya mshangao ikianza na "what" au "how" tu, jambo lililozua malumbano kati yake na walimu. Mimi naegemea upande wa umbo. Lakini kama kitabu cha darasani kinaiita "We won!" ya mshangao, mtihani utaulizwa kwa mujibu wa kitabu hicho, na binti ajibu hivyo. Alama yenyewe haina ubishi kwa vyovyote.

Ya tatu ndiyo inayoonyesha wazi kasoro ya kutafsiri. "Could you lend me your ruler" kwa Kiswahili inakuwa "Naomba uniazime rula yako", na hapo mtoto anaona ombi, anaandika amri. Ni kweli msemaji hataki kujua kama mwenzake ana uwezo wa kuazima, anataka rula. Ila Kiingereza, kwa adabu, kimelivisha ombi hilo umbo la swali: kisaidizi "could" mbele, kiima "you" nyuma yake. Zoezi limeuliza aina ya sentensi, halikuuliza haja ya moyo wa msemaji. Ni swali, na alama ni ya kuuliza. Atakutana na barua za kibiashara zenye "Would you please sign below." na nukta mwishoni, kwa sababu mwandishi hangoji jibu. Watu wazima wanaruhusiwa. Mwanafunzi aweke alama ya kuuliza, hakuna msahihishaji atakayemkata maksi.

Kinyume chake kipo, na katika mji wa maofisi kama huu wetu kinaonekana kila siku: "I would be grateful if you could send me the form." Mwandishi anaomba, tena kwa unyenyekevu, na wengi humalizia kwa alama ya kuuliza kwa sababu wanahisi wameuliza. Lakini kiima "I" kimetangulia "would". Ni taarifa, ni nukta. Na lile "kindly" linalopendwa sana kwenye barua zetu, "Kindly submit your certificates before Friday", ni amri iliyopakwa asali: "kindly" si kiima, ni kielezi tu, na kitenzi "submit" kiko kitupu. Nukta.

Nisisahau "may". Wanafunzi wetu wote wanaijua "May I come in?" ya mlangoni, na hiyo ni swali halali. Ila kwenye salamu za rambirambi tunaandika "May his soul rest in peace", nayo ina kisaidizi mbele na kiima nyuma, sura ya swali kabisa. Hiyo ni dua. Kiingereza kimehifadhi umbo hilo la zamani kwa ajili ya kutakia mema au mabaya, na huishia kwa nukta, au kwa alama ya mshangao kukiwa na shangwe: "May you live long!" Dawa ni kujiuliza kama kuna mtu anaweza kujibu "yes" au "no". "May I come in?" inajibika. Ya rambirambi haijibiki. Akifika sekondari atakutana na nyingine, "Had I known, I would have come", yenye maana ya "ningalijua". Nayo imeruka nafasi bila kuwa swali, na hujulikana kwa sababu inaishia kwenye mkato, bado sentensi inaendelea.

Ya tano haina mengi. "You have eaten, haven't you?" ina mwili wa taarifa na mkia wa swali, na anayeamua alama ni mkia, kwa kuwa ndiko sentensi inakomalizikia. Sisi tuna "sivyo?" na "au siyo?" ambazo hazibadiliki. Mkia wa Kiingereza hubadilika kufuata mwili: "You are from Mpwapwa, aren't you?" lakini "She doesn't like beans, does she?" Mwili ukikubali, mkia unakana, mwili ukikana, mkia unakubali. Kosa la binti yako hapa naliona dogo, kwa sababu alisoma mwanzo vizuri, akasahau kwamba mkato huo ulikuwa unaleta kitu.

Mambo madogo madogo ya alama niyapitie haraka. Alama ni moja tu, zile "?!" na "!!!" za kwenye simu zibaki kwenye simu. Haiachwi nafasi kati ya neno la mwisho na alama. Sentensi ikiishia kwa ufupisho wenye nukta, nukta haiongezwi: "The bus leaves at 6 a.m." Ikiwa ni swali, nukta ya ufupisho inabaki na alama ya kuuliza inafuata: "Does the bus leave at 6 a.m.?" Kwenye maneno ya kunukuu, alama ya kuuliza inakaa ndani ya vifungio ikiwa aliyenukuliwa ndiye aliyeuliza, kama hivi: He asked, "Where do you live?" Baada ya hapo huongezi nukta. Inakaa nje ikiwa anayeuliza ni mwandishi: Did he say, "I am tired"? Hilo la pili ni la darasa la juu kidogo, asihangaike nalo sasa.

Namna ya kumfanyisha mazoezi, kwa mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga kama unavyosema, ni kumpa sentensi moja aigeuze mara tatu. Hutahitaji kujua kila neno. Utatazama nafasi tu. Mpe "You open the shop early." Aifanye swali: "Do you open the shop early?" Aifanye amri: "Open the shop early." Aifanye mshangao: "How early you open the shop!" Habari ni ile ile ya kufungua duka mapema, imevaa maumbo manne. Kwenye swali, "do" imechomoza kutoka mahali ambapo haikuonekana. Hicho ndicho Kiingereza hufanya pale sentensi isipokuwa na kisaidizi cha kurusha mbele. Kwenye amri, "you" imeondoka. Kwenye mshangao, "early" imevutwa mbele na "how", lakini "you open" haikuguswa. Akiweza hiyo, mpe "They are brave", halafu "She sings well". Ya mwisho itamtoa jasho kidogo kwenye amri, kwa sababu lazima aiondoe ile "s" ya "sings" na kubaki na "Sing well." Mwache atoke jasho. Na marufuku ya kutafsiri iwepo mpaka alama imeshawekwa. Baada ya hapo atafsiri anavyotaka.

Nimeiacha ya nne kwa sababu ndiyo inayohusu mwalimu wake. Kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano mwalimu yuko sahihi. Kwenye "Close the window" nasimama na binti. Amri ya Kiingereza huishia kwa nukta, alama ya mshangao huwekwa pale tu panapokuwa na ukali, hofu au haraka: "Stop!" "Run!" "Watch out!" Neno amri ndilo linalotupotosha, tunadhani lazima kuwe na mtu anayefoka. Umbo hilo hilo hubeba maelekezo, mwaliko, ushauri na hata kutakiana heri: "Have a safe journey." "Please sit down." "Add two cups of water." Soma maandishi ya Kiingereza kwenye chupa ya dawa ya maji, "Shake well before use", uone kama kuna anayepiga kelele. Ukiweka mshangao kwenye kila amri, unabaki bila kitu cha kuwekea ile ya "Nyumba inaungua, tokeni!"

Sisemi mwalimu amekosa moja kwa moja. Huenda alipokuwa akifundisha aliisoma kwa ukali, na kwa ukali huo "Close the window!" inakubalika kabisa. Kosa ni kuikata nukta, kwa sababu sentensi tupu isiyo na habari ya nani anasema na kwa hali gani husomwa kwa utulivu. Usiende shuleni kwa shari wala usimtume mtoto akabishane mbele ya wenzake. Nenda wakati wa mapumziko, salimia, mwombe mwalimu akueleze wewe mzazi tofauti ya nukta na mshangao kwenye amri. Chukua na karatasi yoyote ya mtihani wa Kiingereza wa miaka iliyopita, umwonyeshe pale kwenye maelekezo ya mwanzo, palipoandikwa "Answer all questions." Ni amri, imetoka kwa watunga mitihani wenyewe, na imemalizika kwa nukta.